Konje ya Noeli ku universite: siku zikiongezwa, nani analipa?

Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili ukifika katikati, ulizo moja linarudi mu nyumba zetu za Ruashi. Universite ivunje masomo ili konje ikuwe ndefu, ao watoto wasome mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa? Sisi watu wa sendika mu mugodi tulikaa, tukasikiliza wazazi na wanafunzi, tukahesabu. Haya njo mawazo yetu.

Ilikuwa asubui, mbele ya saa moja. Bisi ya kazi ilitushusha ku barabara, tukitoka posti ya usiku, buti zimejaa potopoto, macho mazito. Mvua ilikuwa imenyesha usiku muzima. Ku ngambo ya pili taksi-bisi kutoka mujini ilisimama, akashuka binti wa jirani yetu wa Matoleo: sanduku ku mukono, godoro limefungwa na kamba, sufuria ndani ya mufuko. Tukamusalimia. Mukubwa mumoja kati yetu akamuuliza:

— Mwana, unarudia na godoro? Noeli haiyafika.

— Papa, banasema masomo imesimama. Profesere ameenda, oditware iko mutupu. Bengine banasema tutarudia kisha tarehe 17 ya mwezi wa kwanza.

— Nani alisema? Kuko barua ku ubao?

— Barua hapana, papa. Banasema tu.

Baba yake alikuwa pale pale na sisi, kofia ya kazi ku mukono. Hakusema kitu. Lakini tulijua anahesabu nini. Mwezi wa kumi alikuwa amelipa chumba cha binti karibu na masomo yake, miezi sita mara moja, na mwenye nyumba harudishaka feza ya siku ambazo mupangaji hakulala mule ndani.

Jina la chuo kile hatutalisema, juu ulizo si la chuo kimoja. Ni la sisi wote tunaotoa watoto Ruashi asubui na kuwatuma wakasome.

Kalendari ya mwezi wa kwanza

Kwanza tuweke siku mbele ya macho. Noeli ni tarehe 25. Mwaka mupya ni tarehe 1. Tarehe 4 ya mwezi wa kwanza inchi yetu inakumbuka wafia uhuru, wale wa Léopoldville ya 1959. Tarehe 16 ni ya Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ni ya Lumumba. Hii ya 17 watu wa Ruashi wanaijua kupita wengine: ndege iliyomuleta Lumumba mwaka 1961 ilitua Luano, hapa karibu na sisi, na usiku ule ule wakamuua.

Angalia sasa. Kutoka Noeli mpaka tarehe 4 ni siku 11. Kisha kati ya tarehe 5 na tarehe 15 kunabakia tena siku 11 za kusoma, ukiweka na siku ya Mungu ndani. Kisha siku mbili za mapumziko zinafuatana. Mwanafunzi anaona lile shimo la katikati, anasema: nirudie juu ya siku kumi tu? Profesere naye anaona, anasema: nikifundisha, watakuja wangapi? Hapo njo masomo yanaanza kuvunjika yenyewe, bila mutu kutia sahihi.

Kama watu wameachana tangu tarehe 18 ya mwezi wa kumi na mbili, na wanarudi tarehe 18 ya mwezi wa kwanza, ni siku 31. Mwezi muzima. Hakuna kalendari iliyouandika, hakuna mukubwa aliyeutangaza, lakini umekwenda.

Wanaotaka konje ndefu wana sababu

Hatutaki kusema wanafunzi ni wavivu. Maneno ya namna hiyo tunayasikiaka ku kazi kila siku: mufanyakazi akiomba kupumzika, wanasema ni muvivu. Tuwasikilize basi.

Wa kwanza ni wale wa mbali. Likasi ni kilometa karibu 120, mutu anaenda na kurudi. Kolwezi ni karibu 300. Lakini mwanafunzi wa Kalemie ao wa Kamina, mu mvua hii, safari yake si ya siku moja. Na bei ya safari, wakati wa sikukuu, haishukaka. Kijana mumoja mwenye wazazi Kolwezi alituambia hivi: «Bazee, nikirudia tarehe 5, halafu tarehe 15 kila mutu anaenda tena, nimekula makuta ya mama bure.» Neno lake si la kutupa.

Wa pili ni wale wanaosaidia nyumba. Mwezi wa kumi na mbili mahindi yanataka kupaliwa. Mama anayelima anangojea mikono ya watoto. Wengine wanauza vitu vya sikukuu mu soko, wanapata feza ya silabusi. Wiki mbili za kuuza zinaweza kulipa kitu ambacho mushahara wa baba haukufikia.

Wa tatu ni maprofesere. Profesere naye ni mufanyakazi. Mushahara ukichelewa ao ukikuwa mudogo, anatafuta saa za kufundisha mu muji mwingine, na konje njo wakati wake wa kwenda. Tena kuko mafungu ya karatasi za mitihani za kusahihisha. Sisi watu wa sendika hatuwezi kumuhukumu mutu anayetafuta bukari ya watoto wake.

Wa nne ni mvua yenyewe. Njia zinakatika, maji yanaingia mu vyumba vya wanafunzi, malaria inapanda. Mama mumoja wa Kalukuluku alisema: «Mutoto akilala ku nyumba wiki ine, ninamuona, anakula. Kule anakunywa maji ya wapi?» Mama huyu ana haki.

Kwa hiyo hatukatae konje. Hatuwezi kuikataa. Siku za kupumzika za mufanyakazi mu Katanga zina damu ndani. Mwezi wa kumi na mbili wa 1941 wazee wetu wa Union Minière walisimamisha kazi juu ya mushahara, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi hapa hapa Lubumbashi, ku uwanja wa mupira. Toka pale mpaka leo, kila kitu tulicho nacho mu mukataba wa kazi kiliombwa, kikapiganiwa, kikaandikwa. Na neno kubwa ni lile la mwisho: kikaandikwa.

Saa zinaenda wapi

Tuingie sasa mu hesabu ya masomo, juu wazazi wengi hatuielewe. Tunalipa tu, tunangojea diplome.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, universite za inchi yetu ziliingia mu mupango muya unaoitwa LMD. Ile ya zamani ilikuwa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisanse. Hii ya sasa, lisanse ni miaka mitatu, inayokatwa vipande sita vya nusu mwaka. Kila nusu mwaka mwanafunzi anapashwa kupata kredi 30, mwaka muzima 60, na lisanse yote 180. Kredi si sadaka. Kila kredi ina saa zake ndani: saa za kukaa mbele ya profesere, saa za mazoezi, saa za kusoma peke yake.

Tuchukue somo la saa 45. Profesere akifundisha saa 4 kwa wiki, anahitaji wiki zaidi ya 11. Mwanafunzi anasikia leo, anarudi ku chumba, anasoma tena, wiki inayofuata anauliza. Hivyo njo akili inashika. Lakini mwezi mumoja ukipotea, saa 45 hazipotee ku karatasi. Zinabakia zimeandikwa. Inatokea nini? Profesere anakuja na kufundisha saa 8 kwa siku, siku sita, na somo limekwisha. Ku kaulo yote imetimia. Mu kichwa cha mutoto, ni sawa na kujaza maji mu chupa kwa ndoo: mengi yanamwagika inje.

Binti wa jirani yetu alipitia kitu hiki mwaka uliotangulia. Konje iliongezwa kwa maneno ya kinywa, wiki mbili zikawa tano. Kurudi, masomo matatu yalifundishwa moja kisha lingine, kila moja wiki moja, na mitihani ikafuata nyuma yao mara moja. Alianguka mawili. Baba alilipa tena juu ya kurudilia mitihani, akalipa tena chumba miezi miwili ya kungojea. Yeye alikuwa amefurahi sana kuona mutoto wake ku nyumba mpaka tarehe 20 ya mwezi wa kwanza. «Nilikula naye sikukuu,» alituambia, «sikujua kama ninaikula kwa deni.»

Feza ya nani?

Hapa njo moyo wa neno. Mu nyumba ya tajiri, mwaka wa masomo ukiongezeka miezi mitatu, ni usumbufu tu. Mu nyumba ya mufanyakazi wa mugodi, ni hatari.

Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inasema kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili. Wengi wetu wa makampuni ya sutretansi tuko na kontra za namna hiyo, na nyingi ni fupi kuliko ile miaka miwili. Weka sasa kontra ya baba pembeni ya lisanse ya mutoto. Lisanse ni miaka mitatu, kama yote inaenda muzuri. Kontra ni miaka miwili, kama yote inaenda muzuri. Tayari hesabu haikubaliane. Ukiongeza mwaka wa ine juu ya masomo yaliyovunjika, nani atalipa mwaka ule? Baba hana tena kazi, ao anangojea kuitwa.

Na kazi yetu mnaijua. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kobalti isitoke inchini, juu bei ilikuwa imeanguka chini sana. Miezi ya kwanza ilikuwa mine, ikaongezwa mitatu, kisha mwezi wa kumi ikaja hesabu ya kiasi ambacho kila kampuni inaweza kutosha. Hatusemi serikali ilikosa, bei ilipanda. Tunasema tu kama mu miezi ile, kila mufanyakazi wa sutretansi alilala na jicho moja wazi. Mutu wa namna hiyo akipata mushahara leo, anataka mutoto asome leo.

Hesabu ingine haiandikwaka popote. Mwanafunzi anayerudi ku nyumba siku 31 si mugeni. Anakula. Meka ya bunga inayokula watu sita sasa inakula saba, na chumba kule kinaendelea kulipwa bila mutu ndani. Mara mbili.

Tena kuko hatari ya vijana. Kijana wa miaka 20, mwenye nguvu, anakaa Ruashi mwezi muzima bila kitu cha kufanya, makuta ya kurudia masomo yanakosekana. Rafiki anamuambia: twende tukachimbe kidogo, ni siku kumi tu. Na ni wakati wa mvua, udongo umelowa. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, mahali pa kuchimba pa Kalando, kule Lualaba, daraja lilianguka na watu. Waliokufa walipita 30. Sisi tunaojua udongo tunasema: mwezi wa kwanza si mwezi wa kumutuma mutoto mu shimo. Afazali oditware yenye watu kumi.

Na mabinti? Binti akirudi, kazi zote za nyumba zinamurudilia: maji, sombe, watoto wadogo, wagonjwa. Kitabu hakifunguliwe. Kukaa kukipita mwezi, wajomba wanaanza kuuliza juu ya ndoa. Tumeona wasichana wawili wa njia yetu walioenda ku konje na hawakurudia tena.

Mulango ukifungwa, ufunguo uko kwa nani?

Wasomaji watasema: wiki mbili tatu, ni kitu gani? Turudi nyuma kidogo.

Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2020, juu ya Covid-19, serikali ilifunga masomo yote, toka ya watoto wadogo mpaka universite. Waliita konje ya mbele ya wakati. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, watu walikuwa wanakufa, hatuwezi kucheka uamuzi ule. Lakini kumbuka namna siku zilivyokwenda. Konje ya Noeli ya kawaida ni karibu wiki mbili. Tuliambiwa watoto watarudi mu mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza ukapita. Walirudi tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Ukihesabu, ni siku 66 za mulango kufungwa. Na ilikuwa mara ya pili: toka mwezi wa tatu wa 2020 walikuwa wamekwisha kukaa miezi ku nyumba. Mwaka wa masomo ulivutika sawa kamba ya mupira, na kuko vijana wa Ruashi ambao mpaka leo wanahesabu miaka yao ya masomo kuanzia pale.

Wazee wanakumbuka mbali zaidi. Universite ya Lubumbashi ilifungua milango mwaka 1956, ikapitia majina mengi, ikabeba hili la sasa mwaka 1981. Usiku wa tarehe 11 kufikia 12 mwezi wa tano 1990, watu wenye silaha waliingia mu kampusi, wanafunzi wakauawa. Kampusi ikafungwa, vijana wakarudi kwao. Hapo hakuna mutu aliyeomba konje. Lakini tunalikumbuka juu linafundisha kitu: universite ikifungwa, kufungua kwake hakuko tena mu mukono wa mwanafunzi wala wa muzazi.

Mu inchi za wengine ni vile vile. Nigeria, mwaka 2022, maprofesere wa universite za serikali walisimamisha kazi toka mwezi wa pili mpaka mwezi wa kumi, miezi munane. Kenya, mwaka 2025, ilikuwa siku 49. Hatusemi wale maprofesere walikosa. Mutu wa sendika hasemi hivyo. Pale angalau kulikuwa madai ku meza, na Kenya, ku mwisho, karatasi iliyotiwa sahihi. Mugomo una sababu inayojulikana. Konje inayojiongeza yenyewe haina hata madai: hakuna anayepata kitu, na hakuna wa kumuuliza.

Namna tunafanya ku mugodi

Tulipokuwa tunabishana, delege mumoja wa zamani, mutu wa mashini, alitukatia maneno hivi: «Ku kiwanda kuko kusimama kwa namna mbili. Kuko kusimama kwenye kuandikwa, na kuko kusimama kwa pane.»

Wenye kufanya mu kiwanda wanajua. Kusimamisha mashini kwa kutengeneza kunaandikwa miezi mbele. Kila ekipe inajua tarehe, vipande vya kubadilisha vimefika, mutu anajua saa ya kuzima na saa ya kuwasha. Ile si hasara, ni afya ya mashini. Lakini pane, umeme umekatika, ao pompe imevunjika, hiyo ni hasara, na ku mwisho wa mwezi inaonekana ku prime ya mufanyakazi.

Konje ya universite ni vile. Ile iliyoandikwa toka mwanzo wa mwaka, ikuwe wiki mbili, ikuwe hata tatu, ni afya. Mwanafunzi wa Kalemie anapanga safari, mama anapanga shamba, baba anapanga feza. Ile inayoongezwa kwa kuvunja masomo, mutu mumoja akisikia ku mwingine, ni pane. Tofauti haiko mu urefu wa siku. Iko mu kuandika.

Tena tujilinganishe kidogo, si kwa wivu. Kodi ya kazi inatupa siku moja ya konje kwa kila mwezi tuliofanya. Mwaka muzima ni siku 12 za kazi, na unaongezewa siku moja kila miaka mitano. Siku 12! Kwa hizo tunapanga matanga, ndoa, shamba na ugonjwa wa mama kule kijijini. Tunajua bei ya siku moja ya kupumzika. Njo maana hatukubali itupwe ovyo, yetu ao ya watoto.

Tunachoomba

Kwa wakubwa wa universite na vyuo vya Lubumbashi, tunaomba vitu vine.

Kalendari itoke mbele ya wazazi kulipa, si kisha. Iandikwe ndani yake wiki ngapi za kufundisha, siku gani konje inaanza, siku gani inaisha. Kama munaona siku zile za kati ya tarehe 5 na tarehe 15 hazifae kitu, zitieni mu konje toka mwanzo, na mwaka uanze wiki mbili mbele ao uishe wiki mbili nyuma, kila mutu akijua. Hiyo hatutaikataa. Hiyo njo konje ndefu ya haki.

Siku ya masomo ikivunjwa, tarehe ya kuirudisha iandikwe siku ile ile, ku ubao, na sahihi. Bila tarehe ya kurudisha, musivunje.

Somo lisifundishwe lote mu wiki moja ili kuficha saa zilizopotea. Na kama hakukuwa namna, mitihani ingojee kidogo.

Ine, wanafunzi wa mbali wasiazibiwe. Mwenye kutoka Kalemie na njia imekatika, apewe nafasi ya kufanya mazoezi yake akirudi.

Kwa serikali tunaomba kitu kimoja tu: mulipe maprofesere ku saa yake. Mutu aliyelipwa hatafute wiki za kuiba.

Na kwa sisi wenyewe, wazazi wa Ruashi, tujiseme ukweli. Ni sisi tunaopiga simu: «Mwana, baki kwanza, kuko matanga ya mujomba.» Ni sisi tunaosema: «Wenzako hawajarudia, wewe unakimbilia nini?» Mutoto mumoja akibaki, oditware inapunguka mutu mumoja, wakibaki mia, profesere anakuta benchi tupu na anaenda zake. Tunalia juu ya masomo kuvunjika na sisi wenyewe tuko kati ya wale wanaoyavunja. Mu mukutano wetu neno hili liliuma watu. Wawili walisimama wakatoka. Tuliliacha liandikwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi mumoja akirudi peke yake, atakuta mulango umefungwa. Lakini wazazi wa njia moja wakikubaliana tarehe, watoto wao wanapanda taksi moja, wanafika wengi, na profesere aliye ku muji hawezi kusema hakuna watu.

Njo tulijaribu. Baba wa binti yule wa godoro alienda mwenyewe mujini mbele ya Noeli, na nguo za kazi, akauliza ofisi kwa ofisi. Wakamuonyesha kalendari. Ilikuwapo, imebandikwa nyuma ya mulango mu kolido, na tarehe ya kurudi ilikuwa 5 mwezi wa kwanza. Hakuna mukubwa aliyevunja kitu. Watu walijivunjia. Akainakili ku karatasi kwa mukono, akarudi Matoleo, akaonyesha wazazi wengine watano wenye watoto mule mule.

Asubui ya tarehe 5 mvua ilikuwa inaanguka. Tulikuwa tunangojea bisi ya posti ya muchana, na wao sita walikuwa ku ngambo ya pili, wanangojea taksi. Yule binti aliweka godoro chini ya nailo. Baba yake alisimama naye mpaka taksi ikaenda, kisha akavuka barabara akaja kwetu. Karatasi ile sasa imebandikwa ku mulango wa nyumba yake, pembeni ya ile ya posti zake za mwezi. Asubui anaangalia zote mbili kabla ya kutoka.